Mhisi wa Mzee Anyitike

"Visigino?" Mzee Anyitike Mwaijande aliuliza, akiinua kichwa kutoka kwenye mto. "Binti, mimi naumwa mgongo."

"Najua, baba. Mgongo ni wa daktari. Visigino ni vyangu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akajifunua blanketi mwenyewe. Tusekile Mwakyoma alichuchumaa mwishoni mwa kitanda, akakishika kisigino cha kwanza kwa viganja viwili, kama mtu anayepima papai kama limeiva. Akahamia cha pili. Akapanda juu taratibu: magoti, mifupa ya nyonga, mbavu, viwiko, kidevu, paji la uso. Alitaka kuujua kwa mkono wake kila mfupa uliokuwa karibu na ngozi, kabla hajaujua kwa njia nyingine. Kesho yake mzee angelazwa kifudifudi juu ya meza ya upasuaji kuanzia asubuhi mpaka jua linapinduka na zaidi, na kwa muda wote huo Tusekile angeuvaa mwili wake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika Hospitali ya Kanda ya Lusungo, huko kwenye vilima vya chai ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Aliajiriwa kama muuguzi, akasomea uhisi miaka miwili, na sasa alikuwa mmoja wa wahisi watatu tu wa kanda nzima.

"Umekonda, baba," alisema.

"Nimezeeka."

"Na umekonda. Na una sukari. Na tangu uvimbe uanze kukubana uti wa mgongo, miguu yako haisikii vizuri. Sitakuficha: mambo hayo yote yananitia wasiwasi. Utalala muda mrefu bila kujitikisa. Dawa za usingizi zitashusha presha yako, na chumba kile ni cha baridi. Damu ikipungua mwilini, ngozi ndiyo ya kwanza kunyimwa. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na meza, tena isiyopata damu, hufa kimya kimya."

Mzee hakucheka tena. Alikuwa mwendesha greda maisha yake yote, mtu wa mabega mapana ambayo sasa yalibaki kama henga la nguo.

"Hayo nayajua," alisema. "Mke wangu, Subilaga, alipasuliwa nyonga. Wakati ule hakukuwa na ninyi. Upasuaji ulikwenda vizuri, madaktari wakapeana mikono. Siku ya tatu likatokea doa, juu kidogo ya kalio, jekundu linaloelekea zambarau. Nikaambiwa amejigonga. Halikuwa pigo. Lilipofunguka, ngumi yangu ingeweza kuingia." Akakunja ngumi, akaitazama. "Nyonga ilipona, binti yangu. Aliyemuua ni kitanda."

Tusekile alikaa pembeni ya godoro, akamshika mkono.

"Nikianza kuungua, piga kelele," mzee alisema. "Usimwogope mtu. Awe daktari, awe nani."

"Ndiyo kazi yangu, baba."

"Sijauliza kazi. Nimekuomba wewe."

"Nitapiga kelele," Tusekile akasema.

* * *

Zamani magodoro ya upasuaji yalikuwa na kengele. Yalipima mgandamizo, joto na unyevu, na palipozidi yakalia. Shida ni kwamba yalilia mno, kwenye jambo na kwenye si jambo, mpaka masikio yakazoea, na mtu akanyoosha mkono akaizima kengele bila hata kugeuza kichwa. Mgonjwa akatoka na moyo mzima, na figo nzima, na shimo kiunoni. Ndipo mafundi wa magodoro hayo walipoacha kengele wakaleta mtu. Kengele huzimwa. Mtu anayesema "naungua" ni vigumu kumzima.

Koti la hisi lilikuwa zito na la kijivu, lenye vifundo vidogo vidogo kwa ndani, maelfu kwa maelfu, kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Godoro lilisoma mtiririko wa damu chini ya ngozi ya mgonjwa, koti likampa mhisi habari hiyo mahali palepale. Kwanza kulikuwa na uzito, kama kidole gumba cha mtu. Damu ilipopungua, uzito ukawa moto. Moto ulipodumu na nyama ikaanza kufa, moto uliondoka, na mahali pake pakaja ubaridi. Wahisi wote walifundishwa msemo mmoja: moto unaomba, baridi inazika.

Na neno la mhisi lilikuwa amri. Akisema "Simama", daktari anasimamisha mikono, mgonjwa anasogezwa, kazi inaendelea. Sheria ilikuwa wazi, na hakuna aliyewahi kuivunja pale Lusungo.

Asubuhi ile mzee alikwisha kulala usingizi wa dawa, bomba la hewa kinywani, wakati Daktari Lugano Mwansasu alipomwita Tusekile mbele ya picha iliyokuwa ikielea juu ya meza. Alikuwa mpasuaji mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusema polepole hata pakiwa na moto.

"Picha ya leo si kama ya wiki iliyopita," alisema. "Tazama hapa. Uvimbe umejishikiza kwenye mshipa wa fahamu wa miguu. Itabidi niunyanyue mshipa kwa kulabu, nibandue uvimbe chini yake kidogo kidogo. Kipande hicho ni kirefu. Nikiwa nimeunyanyua, mgonjwa akisogea unywele mmoja, mshipa unakatika."

"Unaniambia nini, daktari?"

"Sikuambii unyamaze. Sina mamlaka hayo, na ningekuwa nayo nisingeyatumia. Ninataka ujue tu." Akashusha sauti. "Akipooza, Tusekile, atalalia mwili huo huo mpaka kufa kwake, bila kuhisi. Unajua vidonda vinavyomngoja."

Tusekile aliutazama mgongo wa mzee, mwembamba, umepakwa dawa ya kahawia. "Ameniomba nipige kelele."

"Alikuomba kabla ya picha hii."

"Basi tumwamshe tumuulize."

Aliyejibu alikuwa Bi Hobokela, mtaalamu wa usingizi, kutoka kichwani mwa meza ambako alikuwa akilinda pumzi za mzee. "Kwa mapafu haya? Nikimwamsha na kumlaza tena leo, sina hakika nitampata. Na kumwahirisha ni kumwachia uvimbe miguu yake."

Hapakuwa na wa kuuliza. Tusekile alivaa koti, akafunga vishikizo mpaka shingoni, akashusha kifuniko chake cha uso, akaketi nyuma ya kioo na kipaza sauti mdomoni. Uzito wa Mzee Anyitike ukamshukia mwilini: kifua, magoti, kidevu, na ile mifupa miwili ya nyonga aliyoishika jana.

* * *

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri. Godoro lilikuwa na vifuko vya hewa vilivyojaa na kupungua vyenyewe kwa zamu, na kila moto mdogo ulipoanza, kifuko kilijishusha nao ukazimika. Mara mbili Tusekile alisema "Simama". Mara ya kwanza kwa ajili ya kidevu, ya pili kwa ajili ya goti. Mara zote mbili Lugano aliinua mikono kama mtu aliyeambiwa na polisi, wauguzi wakasogeza, wakaendelea.

Kisha Lugano akasema, "Naunyanyua mshipa. Fungeni godoro."

Vifuko vyote vikafungwa pale vilipokuwa, ili mwili usitikisike. Chumba kikawa kimya, isipokuwa mashine ya kupumulia.

Moto ulianzia nyonga ya kulia. Tusekile alijua sababu tangu mwanzo: mzee alikuwa ameegemea upande huo kidogo, maana uti wake ulikwisha pinda. Moto ukakua. Ukawa kama mtu amemwekea pasi. Alifungua mdomo, akauona mgongo wa Lugano ulivyoinama bila kutikisika, akaufunga.

"Bi Hobokela," alisema kwa sauti ndogo. "Presha yake unaishikiliaje?"

"Kwa dawa ya kubana mishipa. Ilikuwa imeshuka."

"Dawa hiyo inaniua huku. Inabana hata ile mishipa midogo iliyobaki. Unaweza kumpandisha kwa damu? Ya uvuguvugu? Na kumwongezea joto miguuni?"

Hobokela hakubisha. Damu ilikuwapo, imeletwa alfajiri na ndege isiyo na rubani. Akaitundika, akapunguza dawa tone kwa tone, akapuliza hewa ya moto chini ya shuka la miguu. Baada ya muda moto wa kidevuni ukatulia, wa kifuani ukatulia, hata wa nyonga ya kushoto. Nyonga ya kulia ilibaki vilevile.

"Bado kiasi gani, daktari?" Tusekile aliuliza.

"Nusu," Lugano alijibu bila kuinua macho.

Nusu. Jasho lilikuwa likimchuruzika chini ya koti. Akilini mwake aliwaona wazee wawili, wote Anyitike. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ngozi nzima kwa leo, akingoja kuoza kidogo kidogo kwa miaka iliyobaki. Wa pili alikuwa akitembea huku akivuja usaha kutoka kwenye shimo. Yupi alimwomba apige kelele? Alisema nikianza kuungua. Hakusema kwa bei gani. Na yeye Tusekile alikuwa nani wa kumchagulia, hata kama uchungu ulikuwa mwilini mwake? Uchungu ule aliazimwa tu. Mwenyewe alikuwa pale mezani, na hakuwa na sauti.

Alinyamaza. Alihesabu pumzi za mashine mpaka akapoteza hesabu.

Halafu, katikati ya moto, pembeni kabisa mwa mfupa, akahisi kitu kidogo kama tone la maji ya mtungini. Ubaridi.

"Simama!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mikono ya Lugano iliganda.

"Nimeushika mshipa," Lugano alisema polepole, kila neno peke yake. "Nikiuachia sasa utarudi chini ya uvimbe, na sitaupata tena. Nikiendelea kuushika, hawezi kusogezwa."

"Usiuachie. Wala usibandue. Shika tu." Tusekile aliinama karibu na kioo. "Nipe kitufe cha kifuko kimoja, cha nyonga ya kulia. Nitakishusha mwenyewe, kwa mkono."

"Kiuno kitafuata."

"Kikifuata nitakihisi kabla hujakiona. Ndani ya koti hili, kiuno chake ni changu. Bi Hobokela, unaweza kumsimamishia pumzi?"

"Kwa vipande vifupi."

"Vifupi vinatosha."

Sheria haikuwa na kifungu cha jambo hili. Mhisi alisema simama, watu walisogeza mgonjwa, basi. Hakuna aliyewahi kumpa mhisi godoro mkononi. Lugano alivuta hewa kwa pua.

"Mpeni," alisema.

Hobokela alisimamisha mashine. Kifua cha mzee kikatulia. Tusekile akageuza kitufe kidogo, kidogo kuliko kidogo, akasikiliza kwa ngozi yake: kiuno kipo, mbavu zipo, uzito umepungua kama unyoya. Akaacha. Mashine ikapumua. Ikasimama. Akageuza tena. Safari moja alihisi kiuno kikianza kuteleza kuelekea kulia, akarudisha kitufe haraka, na Lugano, ambaye hakuona chochote, alisikia tu Tusekile akishusha pumzi kwenye spika.

"Upo?" Lugano aliuliza.

"Nipo. Tupo."

Waliendelea hivyo, pumzi kwa pumzi. Nyonga ilibaki baridi. Tusekile alianza kuamini kwamba amechelewa, kwamba amekizika kipande cha mtu aliyemwamini. Ndipo pembeni mwa ule ubaridi pakachoma kama sindano. Sindano zikawa nyingi. Zikaungana, zikawaka.

"Inaungua!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Daktari, inaungua tena!"

Hobokela aliinua kichwa kwa hofu, kisha akaelewa, akacheka nyuma ya barakoa. Damu ilikuwa imerudi.

"Naweza kuendelea?" Lugano aliuliza.

"Endelea, daktari. Endelea."

* * *

Asubuhi iliyofuata Mzee Anyitike alichezesha vidole vya mguu wa kushoto. Mchana alichezesha vya kulia. Lugano alisimama miguuni pake akivitazama kama mtu anayetazama mvua baada ya ukame.

Siku ya tatu doa likatokea. Lilikuwa mbele ya nyonga ya kulia, kubwa kama kifuniko cha soda, rangi ya zambarau. Tusekile alilibonyeza kwa kidole. Pembeni paligeuka peupe kisha wekundu ukarudi, dalili njema. Katikati hapakugeuka.

Angeweza kusema ni kawaida. Alivuta pazia, akakaa.

"Baba, kuna doa."

Mzee alifumba macho. "Kama lile?"

"Dogo kuliko lile. Lakini ni la aina ileile. Na kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu. Ulipoanza kuungua upande huu sikupiga kelele mara moja. Nilinyamaza kwa muda. Daktari alikuwa ameushika mshipa wa miguu yako, na nikaogopa ungekatika. Nilipiga kelele baadaye."

Mzee aligeuza uso upande wa ukutani, na siku ile yote hakumsemesha. Tusekile alimsafisha, akamgeuza, akamwekea mto chini ya paja ili nyonga isiguse kitu, akamlisha uji wa maziwa na mayai. Mzee alikula. Shukrani alimpa mpishi.

Siku ya pili yake ndipo aliposema, wakati Tusekile akimkausha mgongo kwa taulo.

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa umelala, baba."

"Kabla sijalala. Ungeniuliza: Anyitike, tukikwama kati ya ngozi na miguu, tufanyeje? Ningekujibu."

"Ungejibuje?"

"Sijui," mzee alisema. "Nadhani ningekutukana, halafu ningesema miguu. Lakini lingekuwa neno langu."

"Kweli, baba."

"Uchungu ulikuwaje?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Mkali," Tusekile alisema.

"Ulikuwa wangu ule."

"Ulikuwa wako."

"Ndaga," mzee alisema, akimshukuru kwa lugha ya nyumbani, huku bado akitazama ukuta. "Lakini hao wanaokuja nyuma yangu, waulizeni wakiwa macho."

Tusekile alilipeleka neno hilo kwa Lugano, na Lugano hakulipinga. Alisema alikuwa ameanza kulifikiria tangu siku ile. Walibishana wiki nzima jinsi ya kuuliza bila kumtisha mtu. Hobokela alisema kutisha kidogo si vibaya kama ni kweli. Tangu hapo, Lusungo hakuna aliyelazwa kwenye meza ndefu bila daktari na mhisi kuketi naye pamoja na kumwambia palipo na hatari, na kumuuliza, mambo yakigongana, walinde nini kwanza. Wengine walijibu haraka. Wengine waliomba siku ya kufikiri, wakapewa. Bibi mmoja alisema walinde mikono yake, maana alikuwa akisuka mikeka, na miguu waitende wapendavyo. Kitufe cha mhisi nacho kiliingizwa kwenye sheria, baada ya barua nyingi na kikao kimoja cha kelele.

Doa halikufunguka. Kwa siku kadhaa lilikuwa jeusi, gumu kama ganda, na kila asubuhi Tusekile alilitazama kwanza kabla ya kusalimia. Kisha pembeni likaanza kubanduka, na chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, ya waridi, yenye mkunjo ambao hautaondoka. Mzee alitaka kuiona kwa kioo. Akaitazama, akaguna.

Siku aliyoruhusiwa kusimama, mvua ilikuwa imekatika na vilima vilikuwa vinang'aa kijani. Alishika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, akanyanyuka, akayumba, akamfukuza kwa macho kila aliyetaka kumshika. Hatua zake zilikuwa fupi, na mguu wa kulia uliburuta kidogo. Alitoka wodini, akaifuata korido yote mpaka dirishani, Tusekile akimfuata nyuma na kiti mikononi, akitetemeka kuliko yeye.

Walipofika aliweka kiti karibu na magoti ya mzee.

"Kaa kidogo, baba. Upumzike."

Mzee Anyitike aligeuka taratibu, akamtazama kuanzia usoni mpaka miguuni, kama vile yeye ndiye aliyekuwa akitafuta mifupa iliyo karibu na ngozi.

"Kaa wewe," alisema. "Mimi bado nimesimama."

Tusekile akakaa.